Nani Atamfungia Mlango Mwalimu?

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo hadi leo sijalisahau. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeweka sharti katika somo langu la isimu: ifikapo saa mbili barabara asubuhi, mlango wa ukumbi wa mihadhara unafungwa, na atakayekuja baadaye atarudi alikotoka. Sharti hilo halikuwapendeza wengi. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wamepanga vyumba mbali, na asubuhi za Kericho ni za baridi na ukungu. Matatu huchelewa kujaa, na mvua ikinyesha usiku barabara za udongo hazipitiki. Niliyajua yote hayo, lakini nilijiambia kwamba nidhamu ni nidhamu, na kwamba atakayeshindwa kuamka mapema leo atashindwa na mengi zaidi kesho.

Jumatatu moja niliwafungia nje wanafunzi kumi na mmoja. Jumatatu iliyofuata mimi mwenyewe nilifika saa mbili na dakika ishirini na tano. Nilikuwa na sababu zangu, na nilipokuwa njiani nilizipanga vizuri kichwani: simu ya ofisini, gari lililokataa kuwaka, barua iliyohitaji sahihi. Niliingia, nikafungua daftari langu, nikaanza kufundisha bila kusema lolote. Ndipo mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyekuwa ametumikia jeshi kabla ya kurudi masomoni, alipoinua mkono. Alisimama wima kama askari afanyavyo mbele ya mkubwa wake, akasema kwa upole: "Samahani, mwalimu, nasema kwa heshima zote. Wiki iliyopita wenzetu walibaki nje kwa kuchelewa dakika nne. Je, wewe utafungiwa mlango na nani?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kwangu lau wangecheka. Nilijibu kama wajibuvyo wenye mamlaka: nikataja shughuli nyingi, nikataja wadhifa, kisha nikaendelea na somo. Lakini nilijua, na darasa zima lilijua, kwamba swali halikujibiwa. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu, na naomba msomaji anivumilie iwapo nitakwenda mbali kidogo kutafuta jibu lenyewe, hadi katika kambi za majeshi ya Warumi wa kale, kisha nirudi huku kwetu kwenye mashamba ya chai.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nianze na neno lenyewe. "Nidhamu" tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake katika lugha hiyo una maana ya kupanga vitu kwa utaratibu, hasa kutunga lulu katika uzi. Mzizi huo huo ndio uliowapa Waarabu jina la ushairi wenye vina na mizani. Ajabu ni kwamba Kiswahili, kwa kutumia neno lake lenyewe la Kibantu, kimefuata njia ile ile: twatunga ushanga, twatunga shairi, twatunga sheria. Kwa hiyo asili ya nidhamu si kiboko wala kifungo. Asili yake ni uzi unaopita ndani ya kila shanga na kuzishikilia zote mahali pake.

Warumi nao walikuwa na neno lao, disciplina, ambalo limeingia katika lugha nyingi za Ulaya. Neno hilo ni ndugu wa discipulus, yaani mwanafunzi, na yote mawili yanahusiana na kitenzi chenye maana ya kujifunza. Hata jeshi waliliita exercitus, neno litokanalo na kitenzi cha kuzoeza na kufanyisha mazoezi. Mrumi aliposema "jeshi", kwa asili ya neno alikuwa akisema "waliozoezwa". Kwa mujibu wa lugha zote hizi, basi, mwenye nidhamu ni mtu aliyekwisha kufunzwa, na amiri asiyewahi kuwa mwanafunzi wa amri zake mwenyewe hana nidhamu ya kumpa mtu mwingine.

Lakini sisi tumelifanyia nini neno hili? Sikiliza jinsi linavyotumiwa. Mwalimu akisema "nitakutia nidhamu", mtoto hutazama fimbo iko wapi. Kamati ya nidhamu katika shirika au katika chama haikutani ila kuna mtu wa kuadhibiwa, na aghalabu mtu huyo ni mdogo kuliko wajumbe wa kamati. Neno lililokuwa na maana ya uzi limekuwa na maana ya adhabu, tena adhabu iendayo upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama mimi asubuhi ile.

Sasa twende Roma. Wengi wetu katika Afrika Mashariki tuliwafahamu Warumi kupitia tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Huko twawaona Warumi wakiuana kwa ajili ya madaraka, na picha hiyo si ya uongo. Hata hivyo, kabla ya Caesar kulikuwa na majemadari wengine, na mmojawapo ana jambo la kutufunza. Jina lake ni Scipio Aemilianus.

Mwaka 134 kabla ya Kristo, Scipio alitumwa Hispania kuchukua uongozi wa jeshi lililokuwa limeaibika. Kwa miaka kadhaa Warumi walikuwa wameshindwa kuuteka mji mdogo wa Numantia, ambao watu wake walikuwa wachache sana wakilinganishwa na majeshi yaliyotumwa kuwashambulia. Makamanda walifuatana, na kila mmoja aliacha aibu kubwa kuliko ya mwenzake. Scipio alipofika alikuta kambi iliyofanana na soko. Palikuwa na wachuuzi, makahaba, na waganga wa kupiga ramli ambao askari waliokata tamaa waliwategemea wawaambie kama watashinda. Palikuwa na mikokoteni iliyobeba anasa, na vitanda vya kulalia.

Mwanahistoria Appian ametuachia maelezo ya aliyoyafanya Scipio. Aliwafukuza wachuuzi, makahaba na wapiga ramli. Aliamuru mikokoteni na wanyama wa mizigo wasiohitajika wauzwe. Kila askari aliruhusiwa kijiti cha chuma cha kuchomea nyama, chungu cha shaba na kikombe kimoja, basi. Alikataza vitanda. Alikataza kupanda nyumbu safarini, kwani aliona kwamba askari asiyeweza kutembea kwa miguu hatamfaa mtu vitani. Kila siku alilitembeza jeshi, akalijengesha kambi na kulibomolesha, akalichimbisha mahandaki na kulifukiza, akalijengesha kuta na kuziangusha.

Mpaka hapo msomaji aweza kusema kwamba huyu ni mkali kama wakali wengine. Tena ukali ni kitu rahisi. Hata mimi niliuweza kwa kufunga mlango. Lakini Appian anaongeza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niifunge ile kurasa na kukaa kimya. Alipokataza vitanda, mtu wa kwanza kulala juu ya majani makavu alikuwa Scipio mwenyewe. Na katika kazi zile za kuchimba na kujenga, yeye aliyekuwa ameteuliwa na Roma yote alikuwapo tangu asubuhi hadi jioni, akikagua.

Fikiria usiku wa kwanza wa amri ile. Askari aliyezoea godoro analala chini na kunung'unika. Anageuka, anatazama hema la jemadari, na anajua kwamba ndani yake mtu wa ukoo mkuu, aliyeangamiza mji wa Carthage miaka kumi na miwili iliyotangulia, analalia majani yale yale. Askari huyo aweza kuendelea kuichukia amri, lakini hawezi tena kuidharau. Amri aliyoitangulia mkubwa kuitii humwondolea mdogo udhuru wake wote.

Huyu hakuwa peke yake. Karne mbili na nusu baadaye, Kaizari Hadrian alizunguka mipaka ya dola yake na kuyakagua majeshi, na inasimuliwa kwamba alikula chakula cha askari hadharani, akatembea nao kwa miguu masafa marefu akiwa amevaa silaha. Katika enzi yake Nidhamu ilitukuzwa kama mungu wa kike. Sarafu zilipigwa zenye jina lake, na madhabahu zake zimechimbuliwa katika kambi za kaskazini mwa Uingereza. Sitaki tuabudu miungu ya Warumi. Nataka tuone tu kwamba mwenye dola, kabla ya kuijengea Nidhamu madhabahu, aliipelekea kwanza miguu yake na tumbo lake.

Sasa tumtazame jemadari wa pili, maana somo huonekana vizuri likiwa na kinyume chake. Huyu ni Marcus Licinius Crassus, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Roma. Alipopewa kazi ya kuuzima uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, uliomalizika mwaka 71 kabla ya Kristo, sehemu ya jeshi lake ilikimbia na kutupa silaha. Crassus akafufua adhabu ya kale ambayo ilikuwa haijatumika kwa muda mrefu. Plutarch anaeleza kwamba askari mia tano walioongoza katika kukimbia waligawanywa katika makundi hamsini ya watu kumi kumi. Kura ikapigwa katika kila kundi, na aliyeangukiwa na kura akauawa mbele ya macho ya jeshi zima. Kura haikuuliza ni nani hasa aliyetangulia kukimbia.

Mtu angetazamia kwamba jemadari aliyeijali nidhamu kiasi hicho angekuwa na kiasi chake mwenyewe. La hasha. Mwaka 53 kabla ya Kristo, akiwa mzee wa miaka sitini na zaidi, mwenye mali kuliko awezavyo kuitumia, Crassus aliliongoza jeshi kubwa dhidi ya Waparthi kwa sababu alitamani sifa za vitani kama za Caesar na Pompey. Mfalme wa Armenia alimshauri apitie milimani, ambako wapanda farasi wa adui wasingefaa kitu. Alikataa, akashika njia ya nyika tupu. Siku ya vita makamanda wake walimshauri apige kambi kando ya mto ili watu wapumzike na apate habari za adui. Hakusubiri. Askari walioruhusiwa kula na kunywa walifanya hivyo wakiwa wamesimama katika safu zao, kisha wakaharakishwa mbele. Huko karibu na Carrhae mishale ya Waparthi iliwamaliza. Mwanawe aliuawa, na siku chache baadaye naye aliuawa. Kwa hesabu ya Plutarch, watu elfu ishirini walikufa na elfu kumi walitekwa.

Mtu aliyewaua hamsini kwa kura kwa sababu walishindwa kuishinda hofu, mwenyewe alishindwa kuishinda tamaa. Na kati ya hofu ya askari na tamaa ya jemadari, ipi iliyoigharimu Roma zaidi? Wahenga wetu walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Crassus aliujua mkuki kwa upande wa mpini tu.

Najua hapa msomaji mmoja wa Bomet au Litein ataweka gazeti chini na kuniuliza: Je, daktari, umesahau kwamba Warumi walikuwa wavamizi? Swali hilo ni la haki. Numantia yenyewe ilianguka mwaka 133 kabla ya Kristo baada ya kuzingirwa na kufishwa njaa. Mji ukabomolewa na waliobaki hai, wengi wao, wakauzwa utumwani. Nidhamu ya Scipio ilikuwa kamili, lakini watu wa Numantia hawakupata faida yoyote kwayo.

Nasi huku hatuhitaji kwenda Hispania kulijua jambo hilo. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza, lililozoezwa vema, lilifanya msafara wa kuwaadhibu Wakipsigis wa upande wa Sotik. Mwaka huo huo, tarehe 19 Oktoba, afisa wa jeshi hilo aitwaye Richard Meinertzhagen alikutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa kutafuta suluhu, na Koitalel akauawa hapo hapo. Mabaraza ya kijeshi yaliyochunguza kisa hicho hayakumwadhibu, ingawa baadaye aliondolewa nchini. Baada ya silaha ikaja sheria, na baada ya sheria ikaja miche ya chai. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yalianza kupanda chai kwa biashara katika ardhi ya Kericho. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai miongoni mwa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Yote hayo yalitendwa kwa utaratibu, kwa karatasi zenye mihuri na kwa askari waliotembea kwa safu zilizonyooka.

Basi lazima tutenganishe mambo mawili. Kuna nidhamu ya safu, na kuna nidhamu ya nafsi. Nidhamu ya safu humfanya mtu atekeleze aliloamriwa. Nidhamu ya nafsi humfanya ajizuie asitende ovu hata kama ana bunduki mkononi na hakuna atakayemwadhibu. Ya kwanza bila ya pili ni kisu kikali mikononi mwa mlevi. Ninapomtaja Scipio, simsifu kwa kuiteka Numantia. Natwaa usiku wake mmoja tu juu ya majani makavu, ushindi wake namwachia.

Tena usiku kama huo haukuwa mgeni kwa wazee wetu. Katika jando la Wakipsigis, vijana waliotahiriwa walitengwa na jamii kwa muda, wakafundishwa na wakufunzi waitwao motirenik. Mkufunzi hakuwa mtu wa kutuma amri kutoka mbali. Alikuwa ameyapitia yote kabla yao, na hakuna aliyeweza kumfundisha mwingine kuvumilia kisu ambacho yeye mwenyewe hakukivumilia. Kijana alipoambiwa asikunje uso, aliambiwa na mtu ambaye kijiji kizima kilijua kwamba siku yake hakuukunja. Unaweza kuyasahihisha mengi katika mila zetu, na mengine yafaa yaachwe, lakini kanuni hiyo sijaona iliyoipita.

Na hapa Kericho tulimpata mtu aliyeichukua kanuni hiyo na kuipeleka mbele ya macho ya dunia. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa huku, aliyetumikia jeshi, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki: shaba ya mita 800 katika michezo ya Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, huko Mexico City, aliongoza sehemu kubwa ya fainali kwa kasi ya kutisha, akapitwa mwishoni na Mwaustralia Ralph Doubell, akapata fedha. Alifariki mwaka 2022. Tunapozungumza juu ya wakimbiaji wetu hupenda kutaja hewa ya milimani, maziwa na ugali. Lakini hewa ya milimani tunaivuta sote, nami nimeivuta miaka mingi bila medali hata moja. Mkimbiaji wa mita 800 hana mtu wa kumpigia kelele saa kumi na moja alfajiri kuna ukungu. Yeye ndiye jemadari na yeye ndiye askari. Akijidanganya mazoezini hakuna atakayejua, isipokuwa ile hatua ya mwisho kabla ya utepe.

Katika siasa zetu pia kuna mfano, nao unatoka kwa yule yule aliyemfasiri Shakespeare. Mwezi Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga mpango wa kuwalazimisha wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikikatwa. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba wakubwa wanaishi kwa raha huku wakiwataka wadogo wajinyime. Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao wanafunzi karibu mia nne. Juu ya adhabu hiyo watu wanaweza kubishana, na wengi wa wanafunzi hao walirudishwa baadaye. Lakini siku ile ile alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaukata wake na wa mawaziri wake kwa asilimia ishirini. Mwezi Februari mwaka 1967 likafuata Azimio la Arusha, lenye miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni za kibepari. Waweza kuupinga ujamaa kwa hoja mia moja. Hata hivyo, lile swali la wanafunzi, "na ninyi je?", lilijibiwa kwa kitendo, na mjibuji alianza na mfuko wake mwenyewe.

Linganisha na hali yetu. Nchini Kenya Katiba ya mwaka 2010 ina sura nzima, ya Sita, inayohusu uongozi na uadilifu. Maneno yake ni mazuri. Lakini sura hiyo tunaijua zaidi kama kitu cha kumnyooshea mpinzani wakati wa uchaguzi. Katika shule zetu kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na kila migomo inapozuka na mabweni kuteketea, kama ilivyokuwa katika shule zaidi ya mia moja mwaka 2016, husikika sauti za kutaka kirudishwe. Kabla ya kukirudisha ningependa tuulize maswali machache ya Scipio. Je, walimu waliingia darasani kengele ilipolia? Je, mkuu wa shule hula katika bwalo lile lile wanamokula wanafunzi, walau mara moja kwa juma? Je, mzazi anayelalamikia simu ya mwanawe ameiweka chini yake wakati wa chakula cha jioni? Sisemi kwamba mtoto achomaye bweni hana hatia. Nasema kwamba watoto wetu ni wasomaji hodari kuliko tunavyodhani, na kitabu wanachokisoma kila siku ni sisi.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye shamba dogo la chai, alinieleza jambo hili kwa namna fupi kuliko yangu. Chai huchumwa majani mawili na kichipukizi, na mchumaji hurudi kwenye mti ule ule baada ya siku saba hadi kumi na nne. Akichelewa, majani hukomaa na kukataliwa katika kituo cha kununulia. Akichuma ovyo na kuchanganya magumu na laini, kapu hujaa upesi lakini ubora hupotea. Nilimkuta mzee huyo asubuhi moja, umande ungali juu ya majani, amejifunga gunia la plastiki kiunoni, anachuma mstari wa kwanza, na vibarua wake wawili wanamfuata. Nikamwuliza kwa nini asipumzike, hali ana watu wa kazi na umri umekwenda. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Daktari, nikichuma mimi mstari wa kwanza vizuri, sina haja ya kusema neno kwa mistari mingine. Nikikaa nyumbani, itanibidi nipige kelele mpaka jioni, na chai itakataliwa hata hivyo."

Naam, huo ndio muhtasari wa Appian, Plutarch na Azimio la Arusha, uliotolewa kati ya miti ya chai na mtu aliyesoma hadi darasa la nne.

Nirudi basi ukumbini. Juma lililofuata niliingia saa mbili kasoro dakika kumi na kuliandika jibu langu ubaoni. Mlango utafungwa saa mbili na dakika kumi, kwa wote. Mwanafunzi atakayefungiwa nje atakopa maandishi ya mwenzake na kunieleza somo hilo ofisini. Mwalimu atakayechelewa kupita muda huo atakuwa amelipoteza somo lake, na atalirudia Jumamosi alasiri kwa saa watakayoichagua wanafunzi, si yeye. Yule askari wa zamani alitabasamu kidogo, akayanakili maneno hayo daftarini kama mtu anayepokea amri.

Nisijisifu. Katika muhula huo nimelipa Jumamosi mbili. Ya kwanza mvua kubwa ilinyesha, ile mvua yetu ya alasiri isiyokosa, nami nilitembea kutoka kwenye maegesho nikiwa nimelowa hadi magotini, nikitamani kila hatua kwamba wasingekuja. Walikuja karibu wote. Sikuwauliza sababu, nao hawakunieleza, ila niliona kwamba waliokuwa wakichelewa siku nyingine walikuwa wameketi safu ya mbele. Mwisho wa muhula idadi ya waliofungiwa nje ilikuwa imeshuka hadi nikasahau kuihesabu, ingawa sharti lenyewe lilikuwa limelegezwa kwa dakika kumi.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na walisema kweli. Ndiyo maana kiongozi mwenye busara hangojei mpaka ajigange. Huwapa wadogo wake haki ya kumwuliza, kisha akakubali kuumia kwa jibu. Na kama bado kuna anayetaka kujua nidhamu ni nini, na alitazame neno lenyewe. Ni uzi. Na mtunga shanga yeyote, awe wa Lamu au wa Kericho, atakuambia kwamba uzi hauwezi kuifikia shanga ya mwisho kabla haujapita ndani ya ile ya kwanza.